Nyutro Iliyowasha Testa

Kipande chenyewe kilikuwa bapa la shaba lenye urefu wa kiganja, na matundu mawili ya bolti. Mwaka 2009 nilikifungua mwenyewe kwa spana namba 19, Jumapili moja umeme ukiwa umezimwa, nikakifuta vumbi na kukilaza chini ya boksi langu la vifaa. Niliamini nimetibu ugonjwa uliotusumbua miezi miwili.

Kilikuwa kiwanda cha minofu ya sangara, Mwanza. Tulikuwa na transfoma mbili za kVA 500, kila moja ikishusha volti 11,000 hadi 400, zote zikiingia kwenye chenjiova moja, swichi ya kuhamisha mzigo: ya kwanza ikilala, ya pili inabeba mzigo. Chenjiova hiyo ilikata fezi tatu tu, yaani nyaya zinazoleta umeme. Nyutro, nyaya za kurudishia umeme, za pande zote mbili zilikutana ndani yake na hazikuachana hata siku moja. Na kila transfoma ilikuwa na linki yake ya shaba iliyofunga nyutro kwenye ethi, waya wa ardhini.

Breka kuu ilikuwa inaanguka bila sababu. Unatafuta hitilafu, huoni, unawasha, baada ya saa tatu imeanguka tena na vyumba vya barafu vinaanza kupata joto. Siku moja nikafunga klampu mita, ile inayoushika waya kwa nje na kupima umeme unaopita, kwenye mkanda wa ethi, ikasoma ampea 41. Mtambo hauna hitilafu, na huo ni mkanda ambao kwa kawaida haubebi kitu! Hapo nikaelewa: umeme wa nyutro ulikuwa unarudi kwa njia mbili, sehemu kwenye nyutro yake, sehemu ukizunguka kwa nyutro ya jirani, ukishuka kwenye ethi kwa linki moja na kupanda kwa nyingine. Rilei, kifaa kinachoiamuru breka, inalinganisha kinachotoka na kinachorudi. Ikiona pungufu inajua fezi inavuja, inaangusha breka.

Basi nikatoa linki ya transfoma ya pili, kile kipande cha shaba. Mita ikashuka karibu na sifuri, breka ikatulia. Fundi mkuu, mzee aliyenifundisha kazi, alikuwa msibani Musoma. Aliporudi sikumwambia. Sikumficha kwa makusudi; niliona jambo limekwisha.

Wiki ya tatu transfoma ya kwanza ikazimwa kubadilishwa mafuta, na nyaya zake zote zikafunguliwa, nyutro ikiwemo. Jioni hiyo nilipanda ngazi kwenye ukumbi wa kukatia samaki kubadilisha holda ya taa. Nikagusa waya mwekundu kwa testa, bisibisi yenye kitaa cha kuonyesha umeme, ikawaka. Nikagusa mweusi, yaani nyutro, ambao haupaswi kuiwasha. Ikawaka vilevile. Taa nyingine zote ukumbini zilikuwa zinang'aa kama kawaida, hata moja haikufifia.

Nikashuka kumwita mzee.

"Testa usiniambie," akasema. "Lete mita."

Kutoka waya mweusi hadi ethi, volti 228. Fezi nyekundu hadi ethi, 395. Ya manjano, 397. Ya buluu, 2.

Mzee alikitazama kile kioo cha mita muda mrefu. "Buluu imelala kwenye bodi ya chuma ya mashine mahali fulani," akasema taratibu, "na hakuna breka hata moja inayojua. Linki iko wapi?"

Nikafungua boksi nikampa. Kwa transfoma ya kwanza kuondolewa, nyutro yetu haikuwa imeshika ardhi popote. Hitilafu ilikuja, ikakosa njia ya kurudi, ikakaa kimya inamsubiri mtu.

Hakunigombeza. Alitembea hadi katikati ya ukumbi, akawaomba akina mama waweke visu chini na watoke bila kugusa mashine. Walikuwa wengi, wamevaa aproni na buti, sakafu imejaa maji. Ndipo tukazima, tukapima kuhakikisha pamekufa, nikarudisha ile shaba. "Kaza tena," akasema. Nikakaza. "Tena."

Tulipowasha, breka ya kompresa ya tatu ilianguka papo hapo, kwa kishindo. Waya wa mota ulikuwa umeungua na kushika bodi.

Dawa yenyewe ilikuja miezi kadhaa baadaye: chenjiova ya poli nne, inayokata na nyutro. Kila transfoma ikabaki na linki yake, mahali pamoja tu, nyutro zisikutane tena, na ethi zote zikafungwa kwenye baa moja. Nilipofunga klampu kwenye ule mkanda, hakukuwa na ampea 41.

Lakini usiku ule mzee alinituma mimi nikawaambie akina mama warudi. Mmoja wao, wa umri wa mama yangu, akanisimamisha mlangoni.

"Mwanangu, kulikuwa na nini?"

"Nilifungua kitu ambacho sikupaswa kukifungua, mama. Umeme ulikuwa umefika kwenye mashine na usingejizima."

Akaangalia mikono yake, bado ilikuwa inachuruzika maji, kisha akaniangalia mimi.

"Na sasa?"

"Sasa unajizima."

Akafunga aproni yake vizuri, akaingia.