Siku niliyompeleka baba Arlington

Baba alipokuja kututembelea Virginia aliomba jambo moja tu: apelekwe kwenye makaburi ya wanajeshi pale Arlington. Alipigana vita vya Kagera, lakini nyumbani hakuwahi kuvisimulia. Ungemuuliza, angekutajia mwaka aliokwenda na mwaka aliorudi, basi.

Nikamfikisha kwenye jiwe lenye maandishi ya dhahabu, alama ya waliotunukiwa nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani. John Kelvin Koelsch, rubani wa helikopta, jeshi la wanamaji. Habari zake nilikuwa nimezisoma na zilikuwa zimenikaa moyoni.

Nikamsimulia. Korea Kaskazini, 3 Julai 1951, giza linakaribia. Rubani mwenzao katunguliwa milimani, ndani kabisa ya eneo la adui. Koelsch akajitolea kumfuata kwa helikopta isiyo na silaha. Mawingu yalikuwa yametanda chini ya vilele. Akayapenya bila ndege za kumsindikiza, akaruka chinichini akitafuta. Akapigwa risasi, hakugeuka. Akamwona yule rubani, kaungua mikono na miguu. Wakati wanamvuta juu kwa kamba, helikopta ikapigwa tena, ikaanguka ubavuni mwa mlima.

"Wakafa?"

"Hapana, baba. Koelsch, msaidizi wake na yule majeruhi, wote walitoka hai. Wakajificha siku tisa ndipo wakakamatwa."

Baba akanishika mkono. "Siku tisa? Na mtu aliyeungua?"

"Ndiyo. Koelsch alikuwa akimuuguza."

"Kwa dawa gani?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilikuwa nimeduwazwa na kule kuruka chini ya mawingu. Yeye aliwaza zile siku tisa.

"Aliyeungua hulia usiku," akasema. "Hata akijikaza, hulia. Na adui anasikia."

Nikamalizia upesi: kifungoni Koelsch alikataa kuwasaidia waliomteka kwa lolote, akafia humo humo Oktoba mwaka ule ule, akiwa na miaka 27.

"Na yule aliyeungua?"

"Alirudi kwao, baba."

Akavua kofia yake. Kimya kirefu. "Sisi tulikuwa naye mmoja, njia ya Masaka. Usiku mmoja tu, mwanangu. Usiku mmoja ulitushinda."

Kisha akaniomba nimsomee lile jina polepole, herufi moja moja, akaliandika nyuma ya tiketi ya treni.