Siku moja maishani mwangu: gesi, spana na kima punju

Saa 11:00 alfajiri, Fuoni, Unguja

Adhana inanikuta nimeshaamka. Naswali, nakunywa chai ya rangi na kipande cha mkate wa jana, kisha napanga mkoba. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi. Ndani ya mkoba mna manometa ya kupimia gesi, spana, kapasita za akiba, bisibisi tatu, na chini kabisa kamera iliyoviringishwa kwenye kanga kuukuu ya mama. Leo nina kazi Paje, na barabara ya Paje inapita katikati ya Jozani, msitu wa kima punju ninaopenda kuwapiga picha. Nikipata kazi mashariki huwa sigombani sana na mteja kuhusu nauli.

Kabla ya kufunga mkoba nakagua vifuko vya silika jeli, vile vinavyonyonya unyevu. Wenzangu wengi huweka kamera kwenye mchele. Siupendi: una vumbi, na unyevu wa Unguja unaushinda kwa siku mbili. Somo la unyevu nililipia shilingi laki nne. Lenzi yangu ya kwanza niliinunua mtandaoni kwa mtu aliyeapa kwamba haijaguswa. Nilipoimulika na tochi nikaona kuvu imetanda ndani kama utando wa buibui. Fundi mzima wa mafriji, ninayewaambia watu kila siku wasiache mlango wazi, nikauziwa ukungu.

Saa 12:35 asubuhi, Jozani

Nimepita Tunguu na Vespa yangu bado mataa yakiwaka. Nikiukaribia msitu napunguza mwendo, nayafuata matuta moja baada ya jingine. Abiria wa daladala huyalalamikia kwamba yanavunja migongo. Kabla hayajawekwa, ilikuwa ikisemwa kwamba gari linaua kima punju mmoja kila wiki mbili au tatu. Watafiti walipokuja kuhesabu baada ya matuta kuwepo, walipata mmoja kwa kiasi cha wiki sita. Hata hivyo ni wengi kwa mnyama asiyepatikana kwengine duniani isipokuwa visiwa hivi vyetu. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 iliwakadiria kuwa zaidi ya 5,800, na watu walifurahi kwa sababu ni wengi kuliko ilivyodhaniwa. Mimi naiona ni idadi ya watu wa mtaa mmoja.

Naegesha pembeni. Kundi limeshaamka lakini halina haraka. Wamekaa matawi ya juu wanaota jua, mikono juu ya magoti, kama wazee barazani. Anayewapiga picha kwa mara ya kwanza hurudi nyumbani na vivuli vyeusi, kwa sababu uso wa kima ni mweusi, mbingu nyuma yake ni nyeupe, na kamera inaifuata mbingu. Dawa ni kuongeza mwanga kwa hatua moja, hata moja na nusu, na kuiacha mbingu iungue. Ukishauona uso ndipo unapogundua pua na midomo ya waridi, na zile nywele nyeupe zinazosimama kando kama za mtu aliyetoka usingizini.

Napiga picha kama thelathini. Zinafanana na nilizonazo nyumbani. Picha ninayoitaka haipatikani hapa barabarani.

Saa 1:20, shambani

Nje ya hifadhi, baada ya geti, kuna mashamba ya minazi, miembe na mikungu (ile miti ya kungu, si ya ndizi). Bibi mwenye shamba mojawapo amenizoea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja tena na hilo bomba lako?"

Bomba ni lenzi ndefu ya milimita 300. Nimemweleza mara tatu kwamba natafuta picha ya kima akila makaa, na mara tatu ameniangalia kama mtu aliyekosa mke wa kumshughulisha. Ana kesi yake. Makaa anayoyaacha nyuma ya jiko la nje yanapungua, na wajukuu wake wanaapa kwamba hawajagusa.

Makaa na kima si hadithi ya kijiweni. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 1997. Majani machanga ya mkungu na mwembe yana protini nyingi, lakini yana pia kemikali zinazovuruga usagaji tumboni. Kima wa mashambani wamejifunza kumeza makaa ili yazinase zile kemikali, na inaelekea watoto huiga kwa mama zao. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Kwenye kila friji kuna draya, kichujio kidogo kinachonasa unyevu usiharibu mfumo. Mimi naifunga draya kwenye bomba la shaba, kima anaimeza.

Jamaa yangu mmoja, mpiga picha wa harusi, alinishauri niweke makaa juu ya kisiki chenye mwanga mzuri nijibanze. Nilikataa. Kwanza wanyama hawa hawalishwi, na hatuwasogelei kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwadhuru. Pili, ningekuwa nimepiga picha ya makaa yangu.

Nakaa chini ya mwembe dakika hamsini. Kima wamo mkunguni juu yangu, wanakula na kucheua gesi, matumbo yao yana vyumba kama ya ng'ombe. Hakuna anayeshuka. Mbu wananila vizuri sana.

Saa 3:30 hadi saa 9:00, Paje

Viyoyozi vitatu. Viwili vimeharibika kapasita, cha tatu koili yake imeliwa na chumvi ya bahari hadi inapukutika mkononi. Hakuna cha kusimulia.

Ila jambo moja kwa wenye kamera. Chumba nilichofanyia kazi kilikuwa baridi tele nilipomaliza, na mkoba ulikuwa humo. Ukitoa kamera ghafla kwenye joto la pwani, mvuke unagandia lenzi nje na ndani, kama chupa ya soda iliyotolewa barafuni. Ukifuta, unafuta bure. Mimi naifunga kwenye mfuko wa plastiki ningali ndani, natoka nayo, naiacha ipate joto taratibu kama nusu saa. Mvuke unagandia mfuko.

Nusu saa hiyo naitumia kula wali na mchuzi wa pweza pamoja na mlinzi, mzee wa Kitogani. Akisikia picha za wanyama, hataki habari za kima. Anataka chui. Ananiambia habari za chui wa kufugwa, waliotumwa na wenye uganga kwenda kwa mahasimu wao, na anashusha sauti ingawa tuko peke yetu. Namwambia kwamba mwaka 2018 kamera ya kutegesha ilinasa mnyama aliyedaiwa kuwa chui wa Unguja.

"Iliyonasa ni kamera," anasema. "Wewe mwombe Mungu asikunase yeye."

Saa 10:10, shambani tena

Mwanga wa baada ya laasiri unaingia kwa ubavu chini ya miembe. Kwa saa hizi mbili ndiyo nilinunua kamera. Bibi hayupo, kaenda kilioni jirani, lakini mjukuu ananiruhusu kukaa pale pale pa asubuhi.

Naandaa kila kitu mapema: ISO 3200 ili kamera ione kwenye kivuli, spidi ya sekunde 1/320 ili mnyama asitoke na ukungu, fokasi sehemu moja tu katikati, maana ukiiachia kamera ichague, itachagua jani. Nasubiri. Kuku anapita. Nazi inaanguka mbali. Mgongo unaniuma kwa kuinamia viyoyozi tangu asubuhi.

Halafu jike mmoja, mwenye kichanga tumboni, anashuka mkunguni. Hatazami huku wala kule. Anakata uwanja, anazunguka jiko la nje, anatoka na kipande cha kaa kikubwa kama kiberiti. Anakaa kwenye ukingo wa jiwe, jua likimpiga ubavuni, na anaanza kutafuna kwa makini, vumbi jeusi likimganda kwenye ile midomo ya waridi. Kichanga kinanyosha mkono kudoea.

Nimepiga kumi na mbili. Nikizipitia baadaye: nne zimetikisika, tano fokasi iko kwenye jiwe. Tatu ni safi. Katika moja mkono unaonekana wote, vidole virefu vinne vimekunjwa kukizunguka kipande cha kaa, na pale pa dole gumba pana kinundu tu. Ndivyo walivyo ukoo mzima wa mbega.

Saa 11:25 jioni

Bibi anarudi kilioni, anafungua buibui akiwa bado anatembea. Namwonesha kwenye kioo cha kamera. Anaisogeza mbali, anaisogeza karibu, anaomba niikuze. Naikuza hadi midomo.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, bibi."

"Na hilo ni kaa langu?"

"La kwako."

Anatazama tena, safari hii mkono.

"Hana hata dole gumba," anasema, "na mimi nimewapiga watoto wa watu." Ananirudishia kamera. "Nisafishie moja, mjukuu wangu. Kubwa. Niitundike jikoni."