Toroli la rimoti kutokana na drili mbili zilizokufa betri

Drili ya betri ikifa, mara nyingi kilichokufa ni betri peke yake. Mota bado nzima, gia bado zina grisi, ila betri mpya inakaribia bei ya drili nzima, kwa hiyo mwenyewe anaitupa stoo na kununua nyingine. Mimi nilikuwa nazitafuta hizo za stoo. Kwetu Tabata, Dar es Salaam, bomba liko karibu na geti, bustani ya mchicha iko nyuma ya nyumba, na nilitaka toroli la kupeleka madumu huko bila mtu kulisukuma.

Wanaoanza mambo ya roboti huulizia mota kwanza. Mimi nasema ulizia gia. Mota za kasi kubwa utazipata kwenye printa mbovu na magari ya watoto, lakini kasi bila msukumo haivuti mzigo. Drili inakupa vyote viwili vikiwa vimeshaoanishwa na watu wa kiwandani: mota, na mbele yake ngazi mbili au tatu za gia ndogo zinazozunguka ndani ya pete yenye meno. Kumkerezesha fundi gia za namna hiyo moja moja kungenigharimu kuliko drili zenyewe.

Nilipata mbili za aina moja, za volti 18, zenye kitufe cha spidi 1 na 2 mgongoni. Ule mdomo unaokamata biti hautoki kwa kulazimisha. Ufungue hadi mwisho, utaona skrubu ndani. Hiyo imekatwa kinyume: inalegea ukiizungusha kulia. Ikishatoka, bana spana ya pembe sita mdomoni, uigonge kwa nyundo kuelekea kushoto, na mdomo utaachia.

Ganda la plastiki nalo lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Katika drili nyingi za bei ya chini, mota na sanduku la gia havikufungwa pamoja kwa skrubu. Ganda ndilo linalovibana. Ukilitoa, vinaachana mkononi. Niliweka kila kimoja kati ya vibao viwili vya mninga vilivyotobolewa kwa kipimo chake, nikavivuta pamoja kwa nati na fimbo za chuma zenye nyuzi za skrubu. Kitufe cha spidi nilikifunga kwa waya kwenye namba 1, maana bila ganda kinatelezea popote. Klachi pia lazima iuawe. Ile inayotoa mlio wa tr-tr-tr skrubu ikishakaza ni gololi chache zinazosukumwa na springi, na kwenye roboti inaachia wakati ule ule unaohitaji nguvu. Nilitoa springi, nikaweka skrubu fupi juu ya gololi ili zisiweze kurudi nyuma.

Nilipopeleka mali hiyo Gerezani, mtaa wa mafundi chuma mjini, ili nipatiwe kiungo cha tairi, fundi wa kukereza aliigeuzageuza.

"Kijana, hiki kitabeba nini?"

"Madumu ya maji, mzee."

"Basi tairi usiliweke hapa. Hii shafti imeumbwa kusukuma mbele, siyo kubebeshwa ubavuni."

Ni kweli kabisa. Shafti ya drili imekaa kwenye bushi fupi, na uzito wa toroli ungeila upande mmoja. Kwa hiyo tairi nikalipatia ekseli yake na beringi zake mbili, na drili ikabaki na kazi ya kuvuta cheni tu. Nilitumia cheni na gia za bodaboda: ya mbele meno 14, ya nyuma meno 42. Ni nzito kwa kazi hii, ila zinapatikana kila kona na fundi yeyote anajua kuzichomelea. Friwili ya baiskeli ingekuwa nyepesi, lakini inavuta upande mmoja tu. Ukitaka kurudi nyuma inazunguka bure.

Hesabu ya kasi ni hii. Drili yangu kwenye spidi 1 imeandikwa mizunguko 400 kwa dakika kwa volti 18. Mimi nilitaka kutumia betri ya volti 12 ya sola, kwa hiyo inashuka hadi kama 270. Gawa kwa 3 za cheni, unabaki na 90. Tairi la sentimita 35 linatembea mita 1.1 kwa mzunguko, kwa hiyo toroli tupu linakwenda mita 1.6 hivi kwa sekunde. Likiwa na madumu mawili ya lita 20 linapungua, na hapo unatembea nalo bega kwa bega.

Kwenye umeme ndiko pesa inakoungulia. Mota ya drili ikizuiwa isizunguke inavuta makumi ya ampea, na hata ikianza tu kutoka kusimama inafanya hivyo kwa muda mfupi. Bodi ya kuendeshea mota ya L298N, ambayo kila duka la Arduino (zile kompyuta ndogo za kuongozea roboti) linayo, ni ya ampea 2. Iache kwa vitu vya mezani. Nilitumia bodi kubwa zaidi, BTS7960, moja kwa kila mota. Imeandikwa ampea 43, lakini hicho ni kiwango ambacho chipu huanza kujilinda, usitegemee ikibebe mchana kutwa na kile kipozeo chake kidogo. Nilichofanya ni kuandika programu inayoiamuru isipeleke nguvu yote mara moja bali ipande taratibu ndani ya sekunde moja. Hilo liliokoa bodi, na likaokoa meno ya gia pia. Kila mota ina fyuzi yake ya gari ya ampea 30, na swichi nyekundu ya kukata kila kitu iko juu, mahali mkono unafika bila kutafuta.

Kuna jambo la mwisho linalosumbua wengi. Mota mbili zikikaa pande mbili za toroli, moja inazunguka kulia na nyingine kushoto. Mota nyingi za drili zimepangwa kaboni zake zipendelee upande wa kutoboa, kwa hiyo ile ya kinyume inachelewa kidogo na toroli linakata kona lenyewe. Nilipunguza nguvu ya ile yenye kasi kwenye programu hadi likafuata mstari wa vigae vya varanda.

Drili hizi zina kufuli la ndani linalozuia shafti isizungushwe kutoka nje. Kwenye mteremko wa geti ni breki ya bure, ingawa likishuka na mzigo linagonga kak-kak. Betri ikiisha katikati ya uwanja, hata hivyo, toroli halisukumiki. Itabidi uligeuze liburuzwe kwa matairi ya mbele. Drili ya tatu ya aina ile ile niliyoipata baadaye sijaifungua kwa kazi yoyote. Gia za ngazi ya kwanza ni za plastiki, na najua ndizo zitakazotangulia kuisha.