Mendoza: mji uliojengwa juu ya mitaro

Mtu wa Mombasa akifika Mendoza, huko magharibi mwa Argentina, aangalie chini kwanza, milima baadaye. Kando ya barabara, baina ya lami na njia ya waendao kwa miguu, kuna mtaro wazi unaopeleka maji kwenye mizizi ya miti. Usiku, anayetembea macho kwenye simu hutumbukia akateguka mguu.

Lakini bila mitaro hiyo hakuna mji. Mvua ya mwaka mzima huko ni kama milimita 200 tu. Mei peke yake hapa kwetu huweza kuipita. Maji ni ya theluji ya milima ya Andes, na Wahuarpe, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa wakiyaelekeza mashambani kabla Wahispania hawajaanzisha mji mwaka 1561. Ninaloliwaza zaidi ni lililofuata tetemeko la 1861. Mji ulianguka, nao walioujenga upya wakapanua barabara na kuacha viwanja vitano, watu wapate pa kukimbilia. Leo watu hubarizi humo chini ya vivuli, bila haraka. Hofu ya wazee imewaachia wajukuu raha.

Maduka mengi hufungwa saa saba mchana, yakafunguliwa karibu saa kumi na moja. Chakula cha usiku ni saa tatu au nne, kwa hivyo kula vizuri mchana.

Mashamba ya mizabibu ya Maipú na Luján de Cuyo yako karibu na mji. Valle de Uco ni mbali zaidi, kusini, na mizabibu mingi huko iko baina ya mita 900 na 1,500 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya usiku huhifadhi uchachu wa zabibu, na jua kali la mchana hufanya ganda kuwa nene. Ndiyo maana Malbec, mzabibu wa Kifaransa ulioletwa mwaka 1853, hutoa mvinyo mzito wa rangi iliyokolea. Adui ni mvua ya mawe: dakika chache tu hupasua zabibu na kuchana majani, ndipo utaona safu nzima zimevishwa nyavu.

Nenda Machi, wakati wa mavuno. Weka nafasi mapema kwenye viwanda vya mvinyo, kwani Jumapili vingi havifunguliwi. Viwanda viwili kwa siku vinatosha. Cha tatu ulimi hautofautishi tena. Asiyekunywa naye ana lake: Maipú hukamua mafuta ya zeituni, na wageni huonjeshwa kwa mkate.