Namna moyo wangu ulivyotulia bila ya mtoto

Kwetu Pemba, mwanamke akishaolewa haupiti mwaka hajaulizwa. Mimi nimeulizwa sana hapa Wete, msibani na harusini, na zaidi msimu wa karafuu, tukikaa jamvini usiku kuchambua. Mikono inatenga karafuu na makonyo, midomo inatenga waliozaa na wasiozaa. Shangazi yangu mmoja alinigusa tumbo mbele za watu, akasema, "Mwanangu, hapa pana nini?" Nikainuka, nikenda kulia uani.

Nilikunywa makombe, yaani maji yaliyokoshewa aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani, na hospitali tukapimwa mimi na mume wangu. Hayo yote sijuti. Lakini kila nikiingia mwezini nilijiona nimekataliwa na Mola wangu, na hilo liliniuma kuliko maneno ya watu.

Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, sasa bibi mtu mzima, ndiye aliyenirudisha kwenye Surat Shura, aya ya 49 na 50. Mwenyezi Mungu humpa amtakaye watoto wa kike, humpa amtakaye wa kiume, au huwachanganya, na humfanya amtakaye kuwa tasa. Akaniambia, "Mwanangu, unadhani umesahauliwa, na wewe umo ndani ya aya." Akanikumbusha Bibi Aisha, mama wa waumini: hakuzaa, na Mtume (s.a.w.) akampa kuniya, jina la heshima, ya Ummu Abdillah, yaani mama wa Abdillahi, kwa jina la mtoto wa dada yake Asmaa. Nani atathubutu kumwita Bibi Aisha pungufu?

Nikaanza kuamka kabla ya alfajiri. Nasali rakaa mbili, kisha nabaki juu ya msala nikizungumza na Mola kwa Kiswahili changu. Mwanzo ilikuwa kilio tu. Baadaye nikawa nashukuru kiungo kimoja kimoja: macho, mikono, miguu. Nikifika kwenye tumbo ulimi unakuwa mzito, naliruka. Ilichukua muda mrefu mpaka nikaweza kusema, "Alhamdulillahi kwa tumbo hili," na nikaamini ninachokisema.

Dua ya Nabii Zakaria, "Mola wangu, usiniache peke yangu", naiomba mpaka leo. Wako wanaoniambia aliyeridhika haombi tena. Siwakubalii. Zakaria aliomba mtoto mifupa imeshadhoofika na kichwa kimejaa mvi, na katika Surat Maryam anamwambia Mola wake kwamba hajapata kuwa mtu wa mkosi kwa kumuomba Yeye.