Nilivyoingiza kufunga viungo kwenye mapambano ya Dungeons & Dragons

Ukisimamia Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kwa muda, lazima utampata mchezaji asiyetaka silaha. Kwetu alikuwa jamaa anayefanya judo jioni baada ya kazi. Mhusika wake, mtawa mstaafu mwenye Nguvu ya +4 (anajumlisha 4 kwenye dadu), hakuwa na haja ya kumkata mtu upanga. Alitaka amkamate, amlaze, amfunge kiungo, yaani ampinde mkono mpaka aseme funguo ziko wapi. Sisi tunachezea toleo la 2014, na kanuni zake zilimfikisha katikati tu.

Ila hiyo nusu ya kwanza ni tamu. Unaacha pigo lako moja, unarusha dadu ya pande 20 kwa Nguvu na ustadi wa Riadha, mwenzako anajibu kwa Riadha au ustadi wa Sarakasi. Akishindwa, mwendo wake unakuwa sifuri. Kama una pigo la pili, unamsukuma aanguke. Sasa kuinuka kunagharimu nusu ya mwendo, na mwenye mwendo sifuri hawezi kuinuka kabisa, kwa hiyo atabaki chini mpaka ajinasue. Wenzako wenye mapanga waliosimama karibu naye wanarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Lakini mkono wake bado una kisu, na akibahatika atakuchoma nacho. Kuhusu kiwiko au bega, kitabu kimenyamaza. Kuna kipaji cha kumbana mtu zaidi, ila nawe unabanwa pamoja naye, na kwenye meza yetu hakuna aliyekitamani.

Waliocheza matoleo ya zamani watajua kwa nini nilisita kuongeza kitu. Mwaka 1979 mieleka ilikuwa hesabu za asilimia. Toleo la 2000 likaleta msururu: adui akupige bure kwanza, halafu umguse, halafu mshindane, halafu uingie kwenye nafasi yake. Mtu akisema "namkamata", wengine wanakwenda kuchemsha chai. Upande mwingine kuna GURPS, mchezo mwingine wa aina hii, ambako zamu moja ni sekunde moja na kufunga mkono ni mbinu inayojitegemea. Naipenda sana GURPS kuisoma. Kuicheza Ijumaa usiku na watu waliochoka ni habari nyingine.

Wazo la haraka, ambalo wengi wanalifuata, ni kuufanya ufungaji kuwa pigo: kila zamu unarusha dadu ya pande 6, uhai unapungua. Jamaa wa judo alilikataa palepale. Akanilaza kwenye zulia, akaubana mkono wangu katikati ya mapaja yake, kiwiko kikiwa kimenyooka, akainua nyonga kidogo tu. "Kaka, hapa hakuna kuumia kidogo kidogo. Unaachia au unavunjika." Nikapiga zulia haraka. Kwenye mashindano ya judo kiungo pekee kinachoruhusiwa kufungwa ni kiwiko, na anayezidiwa anagonga mara mbili au zaidi kuashiria amesalimu amri. Nilichoondoka nacho pale zuliani ni kwamba kufunga kiungo ni kumpa mtu swali, na kanuni yangu ikajengwa juu ya hilo swali.

Inakwenda hivi. Lazima uwe umeshamkamata na awe ameshaanguka. Unatumia tendo lako zima na mikono yako yote miwili. Hapo nimeazima njia ya toleo la 2024, kwamba anayeshambuliwa ndiye anayerusha dadu peke yake, kwa Nguvu au Wepesi, achague mwenyewe. Kiwango anachotakiwa kufikisha ni 8, jumlisha Nguvu yako, jumlisha ustadi wako. Kwa yule mtawa mwenye ustadi wa +3 inakuwa 15. Akishindwa, mkono umefungwa, na mwanzoni mwa zamu yake namuuliza: unaachia au unapinga? Akiachia, silaha inaanguka na anatulia. Akipinga, anarusha tena dhidi ya kiwango kilekile. Akipita ametoka. Akishindwa, uhai unapungua kidogo tu, ila mkono ule haushiki upanga wala ngao mpaka apate tiba ya kichawi au mapumziko marefu.

Gharama yake iko kwa anayefunga. Yuko chini sakafuni, mikono imejaa, na adui yeyote anayemkaribia anampiga kwa dadu mbili. Ukiwa na adui mmoja mbinu hii ni nzuri mno. Wakiwa wanne ni kujitakia kifo. Nilitaka iwe hivyo hivyo.

Kuhusu deraya, niliamua isisaidie kitu. Fiore dei Liberi, mwalimu wa upanga wa Italia mwanzoni mwa karne ya 15, alianza mafunzo yake na mieleka, na ndani yake mna kufunga na kuvunja mikono. Chuma kinazuia makali, lakini kiwiko kilichovikwa chuma bado kinapinda upande mmoja tu. Mchezaji wetu mwenye deraya nzito alinuna alipolijua hilo kutoka kwa nahodha wa walinzi.

Wachawi ndio walionipa kazi. Kanuni za kawaida haziwazuii kuroga hata wakikamatwa, mradi mkono mmoja uko huru. Nikasema mkono uliofungwa unazuia uchawi wote unaohitaji ishara za mkono. Meza ikashangilia, mchawi mkuu akalazwa chini, na zamu yake ilipofika akatamka Misty Step, uchawi wa kuhama ghafla ambao unahitaji sauti tu, akatokea futi 30 mbali akiwa na mikono yake miwili mizima. Jamaa wa judo alinikodolea macho kwa muda mrefu. Tangu hapo huziba mdomo kwanza.

Mifupa inayotembea ina viungo lakini haina maumivu, kwa hiyo siiulizi swali. Inapinga siku zote. Ute unaotambaa hauna cha kufungwa. Zimwi linakamatika, kwa kuwa kitabu kinaruhusu aliyekuzidi ukubwa kwa daraja moja, ila mkono wake unahitaji watu wawili, kila mmoja na tendo lake. Joka wameniomba mara nyingi, na jibu bado ni hapana.