Schabziger, jibini yenye harufu ya uwatu

Mara ya kwanza nilipofungua karatasi ya Schabziger, kabla hata sijaionja, harufu yake ilinirudisha jikoni kwa mama, siku zile uwatu ulipokaangwa kwa ajili ya mzazi aliyetoka kujifungua. Pua haikukosea. Majani yanayoipa jibini hii ladha na rangi ya kijani iliyopauka ni ya Trigonella caerulea, mmea ulio ndugu wa karibu wa uwatu.

Jibini hii hutengenezwa Glarus, jimbo dogo la milimani mashariki mwa Uswisi. Maziwa ya ng'ombe yaliyokwisha kuenguliwa krimu hupashwa moto sana na kutiwa chachu hadi yakatike, bila kigandishi cha tumbo la ndama kinachotumika katika jibini nyingi. Mabonge yake huachwa yachachuke kwa majuma kadhaa, husagwa na chumvi, kisha hukomaa kwa miezi. Ndipo unga wa majani makavu huchanganywa humo na kushindiliwa katika umbo la pia ndogo, ngumu kama chaki, isiyo na mafuta karibu kabisa. Yaani maziwa ambayo siagi yake imekwisha kutolewa hupata thamani ya pili, na mimi naliheshimu sana jambo hilo.

Mwaka 1463, miaka 35 kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi, wananchi wa Glarus waliokusanyika katika baraza lao la hadhara walipitisha sheria ya namna ya kuitengeneza na kuipiga mhuri wa asili yake. Baraza hilo, Landsgemeinde, hukutana hadi leo kila mwaka, wapiga kura wakiwa wamesimama uwanjani.

Wanaoilaumu jibini hii, kwa maoni yangu, huila isivyostahili. Ukiimega kipande na kukitafuna, ukali na chumvi vitakushinda, kwa kuwa kazi yake ni ya kiungo. Wenyeji huichanganya na siagi wakapaka mkate, au huinyunyizia makaroni ya moto na kuyala pamoja na rojo la matofaa. Nami nilifanya hivyo: niliikwaruza juu ya sufuria, vumbi la kijani likaangukia siagi iliyoyeyuka na kunywea humo, na ule ukali ukageuka utamu wa kokwa zilizokaangwa. Robo ya pia ilitosha watu wawili. Iliyobaki niliifunga katika karatasi yake, na kesho yake jokofu lote lilinukia uwatu.